Sponsa wa viza sio mfadhili: daktari bingwa wa upasuaji anapataje kazi nje?

Mwaka 2025 uliwavuruga sana watu wanaotafuta kazi za afya nje. Julai 22 Uingereza ikafunga mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje, yaani wale wanaohudumia wazee na wagonjwa majumbani na kwenye makazi yao, afu hata miezi miwili haijaisha, Septemba, Marekani ikatangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya H-1B, ile ya kazi kwa watu wenye utaalamu. Habari zikasambaa vile zinavyosambaaga, na mpaka zinamfikia daktari bingwa wa upasuaji aliyetoka thieta saa nane usiku zilikuwa zimeshageuka: Uingereza haichukui tena mtu wa afya, na Marekani daktari anatakiwa atoe laki moja ya dola mfukoni mwake.

Yote mawili sio kweli. La kwanza liliwahusu walezi, madaktari hawakuguswa, na daktari bado anaruhusiwa kwenda na mke au mume na watoto, kitu ambacho walezi walishakatazwa tangu Machi 2024. La pili, ile ada inamwangukia mwajiri anayepeleka maombi. Ingawa hapo sitakudanganya, mwajiri akishaiona hiyo bei anaanza kumtafuta mtu asiyehitaji hiyo viza, kwa hiyo hata kama huilipi wewe bado inakufikia.

Nikiangalia maswali ambayo watu wanauliza, naona mkanganyiko mwingi unaanzia kwenye neno moja tu. Sponsa.

Huku mtaani sponsa ni mtu mwenye hela zake, anakulipia kodi, anakununulia simu, na mengine unayajua mwenyewe. Sasa mtu wa hivyo akisoma tangazo la kazi lenye sponsashipu ya viza anaelewa kwamba wanamlipia kila kitu: mitihani, leseni, ndege, nyumba, na hela ya kuanzia maisha. Hapana. Huyo tunayemwita sponsa kwenye mambo ya viza sio mfadhili, ni mdhamini. Mfadhili anatoa hela. Mdhamini ni yule anayesimama mbele ya hakimu anasema huyu namjua, akitoroka njooni mniulize mimi. Hospitali inayokusponsa inafanya hivyohivyo mbele ya serikali yao: kazi ipo kweli, mshahara ni huu, mtu tunayemtaka ni huyu, na asipotokea kazini tutawaambia. Inaweza ikaamua kukulipia na tiketi, na zipo zinazofanya hivyo, lakini hiyo ni hiari yao, haimo ndani ya neno lenyewe.

Uingereza ndo wamelinyoosha hili kuliko wengi. Hospitali lazima kwanza yenyewe iwe na leseni ya kudhamini, na orodha ya wote wenye leseni hiyo iko wazi kwenye saiti ya serikali, unaingia unatafuta jina, halimo basi hamna kazi hapo. Wakishakuchagua wanakutolea kitu kinaitwa CoS, yaani Certificate of Sponsorship, kinasemwa ni cheti lakini hamna karatasi wala muhuri, ni rekodi kwenye mfumo yenye namba, hiyo namba ndo unaijaza kwenye fomu ya viza na inabidi uitumie ndani ya miezi mitatu. Kwa hiyo anayekutumia picha ya cheti chenye nembo ya dhahabu na sahihi tatu, huyo amekitengeneza mwenyewe. Viza ya daktari inaitwa Health and Care Worker, ipo tangu Agosti 2020, ada yake iko chini kuliko viza nyingine za kazi na hulipi ile tozo ya matibabu ambayo wengine wanalipa pauni 1,035 kwa kila mwaka.

Ujerumani hata hilo neno sponsa halina kazi sana. Hospitali inakupa mkataba, wewe mwenyewe unapeleka maombi ya viza ukiwa na mkataba na karatasi za kutambuliwa kwa taaluma yako. Na Marekani, hii huwa inawashangaza watu, ukienda kwa viza ya J-1, ile ya mafunzo, mdhamini wako sio hospitali kabisa, ni ECFMG, taasisi ileile inayohakiki vyeti vya madaktari waliosoma nje. Hospitali inakufundisha na kukulipa, anayekudhamini ni mwingine.

Sasa mdhamini hamwekei dhamana mtu asiyejua kama ataruhusiwa kufanya kazi. Hapa ndo watu wengi wanakosea mpangilio. Wanatuma sivii mia mbili, wanaulizia sponsa kwanza, wakinyimwa majibu wanasema hawana konekisheni, wakati hawana leseni.

Fikiria dereva wa basi wa miaka ishirini, hajawahi kugonga hata kuku. Anaenda nchi nyingine, kampuni ya mabasi inampenda, inamhitaji jana. Haiwezi kumpa usukani mpaka awe na leseni ya nchi ile, na leseni haitolewi na kampuni ya mabasi. Kwa daktari ni hivyohivyo. Hospitali inatoa kazi, baraza la madaktari linatoa leseni, uhamiaji wanatoa viza, na kabla ya wote hao kuna mtu wa nne anayehakiki kwamba vyeti vyako ni vya kweli. Ni ofisi nne ambazo hakuna inayoweza kukufanyia kazi ya mwenzake, na viza ndo iko mwisho wa foleni.

Nianze na huyo wa kuhakiki maana anadharauliwa. Uingereza vyeti vinapitia mfumo wa EPIC wa hao hao ECFMG, Marekani wanaohakiki ni ECFMG wenyewe, nchi za Ghuba kwa kiasi kikubwa wanatumia DataFlow. Hawaangalii cheti chako, wanaandika barua moja kwa moja kwa chuo kilichokupa cheti: huyu alisoma kwenu? Na shida inayowakwamisha watu mara nyingi haihusiani na kughushi kitu chochote, ni ofisi ya mitihani ya chuo ambayo haijibu imeili. Mtu anakaa miezi anasubiri, analaumu wazungu, kumbe barua imelala kwenye anwani ya karani aliyehama. Kabla hujalipa hela yoyote ya uhakiki nenda chuoni, au mpigie mtu, ujue nani anajibu na anatumia anwani gani. Halafu majina. Cheti kina majina matatu, pasipoti ina mawili, cheti cha ubingwa kimekosewa herufi moja. Wewe unajua ni wewe, mfumo haujui. Nyoosha hilo mapema kwa njia ya kisheria.

Ila cheti cha mwenendo mzuri kutoka baraza lako, hicho usikimbilie, maana kinaoza haraka. GMC, baraza la Uingereza, wanakitaka kikiwa hakijazidi miezi mitatu. Na kama miaka mitano iliyopita ulifanya kazi nchi tatu, unahitaji vitatu.

Ubingwa hausafiri kama ulivyo

Hii ndo sehemu inayouma, na nadhani ndo inayofichwa zaidi na wanaouza ndoto. Shahada yako ya udaktari inasafiri vizuri kiasi. Ubingwa wako, ile miaka minne mitano ya kuskrabu usiku na mchana, mara nyingi unafika uwanja wa ndege unaambiwa subiri pembeni.

Uingereza kuna rejista ya madaktari wote na kuna rejista ya mabingwa, ni vitu viwili tofauti. Kuingia ile ya kwanza wengi wanajua PLAB, mtihani wa madaktari waliosoma nje, na kuna mabingwa wazima wanakaa wanasomea PLAB wakati mtihani wa MRCS, ambao ni wa upasuaji, wa fani yako mwenyewe, unakubaliwa na GMC badala yake. Kiingereza unathibitisha kwa IELTS ya kitaaluma, wastani 7.5 na usishuke chini ya 7.0 kwenye sehemu yoyote, yote kwa mkao mmoja, au OET kwa daraja B kila sehemu. OET imejengwa juu ya mazingira ya hospitali, barua za rufaa na mazungumzo na mgonjwa, kwa hiyo daktari aliyechoka kuandika insha kuhusu faida za miji mikubwa huwa anaiona nafuu. Na ukishafaulu kwa ajili ya GMC uhamiaji hawakudai mtihani mwingine wa lugha.

Ukiwa na hiyo rejista ya kwanza unaweza kufanya kazi, lakini sio konsaltanti, yaani bingwa wa ngazi ya juu, wa kudumu wa NHS, mfumo wa afya wa serikali yao. Hiyo inataka rejista ya mabingwa, na aliyesomea ubingwa nje anaipata kwa Portfolio Pathway, ile iliyokuwa inaitwa CESR mpaka 2023. Usidhani ni fomu, ni furushi: ushahidi wa operesheni, tathmini, ukaguzi wa kazi, barua za watu waliokuona ukifanya, kila karatasi imethibitishwa. Ndo maana wapasuaji wengi wazoefu wanaingilia katikati, kwenye yale madaraja ya SAS, ya madaktari wazoefu wasio konsaltanti, unafanya kliniki, unapasua, unakaa zamu, ila jina la juu la timu ni la mtu mwingine, afu ukiwa ndani unakusanya ushahidi taratibu. Kuna wanaoona ni aibu kushuka cheo. Mimi naona aibu iko kwenye kusaini bila kujua umeshushwa mpaka ngazi gani, maana kuna kazi za daraja la chini ambazo hata kisu hukioni, unaandika karatasi za kuruhusu wagonjwa na mkono unapoa.

Na ujue kitu kingine. Konsaltanti wa muda anaweza kuajiriwa hata kama hayuko kwenye rejista ya mabingwa, sheria inaruhusu, kwa hiyo wakala anaweza kukupigia simu na hiyo kazi ikasikika tamu sana. Kwa maoni yangu kwa mtu anayefika mara ya kwanza ni mtego wenye mto laini. Wiki ya kwanza hujui mfumo wa damu unavyoagizwa, hujui nani wa kumwita usiku, na utumbo ukivuja baada ya upasuaji jina lililo juu ya kitanda ni lako.

Marekani ndo kuna maumivu zaidi. Kwa njia ya kawaida hata kama umepasua miaka kumi unaanza upya mafunzo ya ubingwa, upasuaji wa jumla pekee ni miaka mitano. Unafanya mitihani ya leseni ya Marekani, USMLE, kwanza Step 1, ambayo tangu Januari 2022 haitoi tena alama, ni kufaulu au kufeli, halafu Step 2 CK ambayo alama zake sasa zimebeba uzito wote ule, unapata cheti cha ECFMG, unaomba nafasi, unasubiri Machi kujua kama kuna hospitali imekuchagua. Ukitumia J-1 ukimaliza mafunzo unatakiwa urudi kwenu miaka miwili kabla hujaruhusiwa kupata H-1B au ukaazi wa kudumu, labda upate msamaha, na njia maarufu ya msamaha ni Conrad 30, kila jimbo lina nafasi 30 tu kwa mwaka na unafunga miaka mitatu kufanya kazi sehemu isiyo na madaktari wa kutosha. Ukitaka H-1B badala yake inabidi uwe umemaliza na Step 3, na hapo ndo unakutana na ile laki moja ya dola ya mwajiri. Utasikia watu wanasema siku hizi majimbo yameondoa sharti la kurudia mafunzo. Ni kweli Tennessee walipitisha sheria ya namna hiyo 2023 na mengine yakafuata, ila leseni ya jimbo ni kitu kimoja, bodi ya ubingwa ni kingine, na kibali cha hospitali kukuruhusu upasue ndani ya thieta yao ni cha tatu, na kampuni ya bima nayo ina maswali yake. Unaweza ukawa na cha kwanza ukakosa vilivyobaki.

Ujerumani kikwazo ni ulimi. Hawakuulizi alama za mtihani mkubwa wa duniani, wanataka uweze kumsikiliza bibi anayelalamika tumbo kwa lafudhi ya kijijini kwao. Kuna mtihani wa Kijerumani cha kidaktari, Fachsprachprüfung, kwa kawaida dakika 60 zimegawanywa tatu: unaongea na mgonjwa wa kuigiza, unaandika ripoti, afu unamsimulia daktari mwenzako. Leseni kamili inaitwa Approbation. Wakiona mafunzo yako yana pengo ukilinganisha na yao unafanya mtihani wa maarifa, Kenntnisprüfung, na wakati unangoja kuna kibali cha muda kinachokuruhusu kufanya kazi chini ya usimamizi. Ubingwa wako wanautazama peke yake baadaye, na anayeutazama ni chama cha madaktari cha jimbo, yako 16 ya majimbo na kasi hazifanani.

Australia wanakupeleka kwa chuo cha wapasuaji, RACS, wanakuweka kwenye moja ya makapu matatu: unafanana nao kwa kiasi kikubwa, unafanana nusu, au hufanani. Kapu ndo linaamua utasimamiwa muda gani na kama utafanya mtihani. Zile njia za mkato walizofungua Oktoba 2024 zilianza na madaktari wa familia kutoka nchi chache, kwa hiyo ukiona kichwa cha habari kwamba Australia imelegeza masharti kwa mabingwa, soma mpaka chini. Na kuna kitu wengi hawaambiwi: sheria ya miaka kumi. Kwa muda huo daktari aliyesoma nje anapata namba ya kulipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali yao, kama anafanya kazi maeneo yenye upungufu, ndo maana kazi nyingi za sponsashipu ziko mbali na Sydney.

Ghuba ndo kwa haraka, na kuna sababu watu wanaanzia huko. Ofisi za leseni ni hizi: Saudia una SCFHS, Dubai DHA, Abu Dhabi DOH, Qatar na Oman na Bahrain wana zao. Mwajiri anashughulikia kibali cha kazi na ukaazi, na ubingwa wako unaheshimiwa kama ubingwa. Ila cheo kinapangwa na cheti gani unacho na umekifanyia kazi miaka mingapi baada ya kukipata, kwa hiyo mtu yuleyule anaweza akawa konsaltanti huku na spesholisti kule, na mshahara unafuata hilo neno. Hakikisha umepata uainishaji kabla ya kubishania mshahara.

"Nchi yetu iko kwenye orodha nyekundu, kwa hiyo haiwezekani"

Hii nayo inarudiarudia. Shirika la Afya Duniani lina kanuni za kuajiri watumishi wa afya toka 2010, na 2023 lilitaja nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi ambazo zinatakiwa kulindwa. Uingereza imeichukua hiyo orodha ikaitumia kuzuia waajiri na mawakala kwenda kuvuna watu huko. Soma vizuri, wanaozuiwa ni wao kuja kwako. Wewe ukiona tangazo la wazi ukaomba mwenyewe hujavunja kitu. Na hapo umepata kipimo cha bure cha wakala: kama nchi yako imo na mtu anakufuata inboksi anakwambia anakusanya madaktari wa kupeleka NHS, tayari anafanya kile ambacho kanuni zinakataza, sasa kwanini umwamini kwenye mengine?

Utapeli wa madaktari una harufu yake. Kazi ya kupasua watu inayotolewa bila intavyuu haipo duniani. Barua ya ajira kutoka imeili ya bure, haipo. Hela ya kununua CoS, haipo, tena kuanzia Desemba 31, 2024 mwajiri Uingereza haruhusiwi kukutoza gharama ya leseni yake ya udhamini wala ya hiyo CoS. Unachoweza kulipa kihalali ni mitihani yako, uhakiki wako, usajili wako na ada ya viza, na vyote unavilipa mwenyewe kwenye saiti ya taasisi husika, sio kwenye namba ya simu ya mtu.

Kuna na hii ya kwenda kushangaa, yaani kukaa wiki kadhaa ukitazama wenzako wakipasua bila kugusa. Inasaidia kupata barua za mapendekezo, hasa Marekani. Haihesabiwi kama uzoefu wa kazi. Ukiacha thieta yako mwaka mzima ukashangae huku na huku, kwenye intavyuu swali la kwanza litakuwa mara ya mwisho ulipasua lini.

Ukishapata, kumbuka mdhamini akijitoa dhamana inaisha. Uingereza kazi ikiisha hospitali inatoa taarifa, na kwa kawaida unapewa hadi siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka, H-1B ya Marekani nayo ni mpaka siku 60. Kwa hiyo muda wa notisi kwenye mkataba sio mapambo. Angalia pia nani anakulinda ukishitakiwa. Ndani ya NHS fidia kwa mgonjwa inabebwa na mfumo wa serikali, lakini ukiitwa na GMC kujibu kuhusu mwenendo wako hiyo haikuhusu, unahitaji chama cha utetezi unachokilipia wewe. Marekani kuna bima inayolipa tu kama bado iko hai siku unayoshitakiwa, kwa hiyo ukihama hospitali kesi ya mgonjwa wa miaka miwili nyuma inakukuta uko uchi, na kuinunulia bima hiyo mkia, yaani nyongeza ya kufunika kesi za nyuma, ni hela nyingi. Uliza nani analipia huo mkia kabla hujasaini.

Haya yote yanachukua miaka, wakati mwingine mitatu, minne. Wakati unasubiri, kitu kisichohitaji sponsa wala wakala ni logibuku. Kila operesheni: tarehe, aina, ulipasua mwenyewe au ulisaidia au ulimsimamia mdogo wako, kulitokea matatizo gani. Jina la mgonjwa usiliweke, GMC wanarudisha ushahidi wenye majina ya wagonjwa. Halafu peleka kwa mkuu wa idara asaini kila baada ya miezi kadhaa, usisubiri siku unayoomba kazi, maana aliyekuona unafanya zile whipple tatu za kwanza, zile operesheni kubwa za kongosho, anastaafu mwakani na atakayekalia kiti chake hajawahi kukuona ukishika kisu.